Umeamka Mapema, Mwanangu

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amepata nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Ubelgiji. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja kwetu Ngamiani, Tanga, kuaga, ingawa safari yenyewe bado wiki tatu. Barazani alimwagiwa ushauri wa kila aina. Baba mdogo alimhimiza anunue soksi za sufu. Shangazi, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya Mombasa, alisimama akamwonyesha kwa vitendo namna ya kutembea juu ya barafu bila kuanguka, na kila mtu akatazama kwa adabu. Mama alimfungia iliki, mdalasini na pilipili manga kwenye vifuko vidogo vidogo. Habari za usiku hakuna aliyezigusa.

Nilipomsindikiza kwenda kupanda bajaji, ndipo kijana akatoa lake la moyoni.

"Kaka, niambie ukweli. Kula bata huko kukoje?"

Nilicheka. Nikamwambia mawili matatu mpaka bajaji ikafika. Yaliyobaki hayakutosha katika njia ile fupi, nayaandika hapa.

Mimi nilikuwa Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, kuanzia Oktoba 2023 hadi Julai 2024. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sayansi ya bahari, na Kiel ni mji wa bahari kwelikweli. Chuo kikuu chake kipo tangu mwaka 1665, na ghuba inaingia mpaka katikati ya mji. Unashuka kwenye treni, unavuka barabara, unaona meli. Kwa mtoto wa Tanga hilo si geni. Nafasi nilikuwa nimeiomba kwa barua ndefu iliyojaa silikanti, yule samaki wa kale ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye majarife miaka ya 2000 mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Barua ilikuwa nzuri, hata mimi niliisadiki. Kisha nikafika, na miezi minne ya kwanza nikaimaliza nikichunguza viumbe wa aina nyingine, wanaotoka mashimoni kuanzia saa sita usiku.

Mimi sinywi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza. Nilipoondoka nyumbani wazee waliniusia kuhusu pombe, nami nikaahidi, na ahadi nikaitimiza kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Kinywaji changu kilikuwa juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, Apfelschorle wanaiita wenyewe. Kwa hiyo kila niliporudi alfajiri nilijiona msafi. Nimevunja nini? Sikulewa, sikupigana, sikupoteza simu. Wala hakukuwa na aliyeniambia kwamba kukesha peke yake kunatosha kumharibu mtu, bila kusaidiwa na kitu kingine.

Tena kwa kutokunywa nikawa mtu muhimu. Kila kundi linalokwenda kujirusha linataka mmoja mwenye akili timamu, wa kukumbuka makoti yamewekwa wapi, wa kumwokota Mkolombia aliyekaa chini kwenye kituo cha basi akiimba, wa kujua basi la usiku linapita saa ngapi. Nilipendwa. Na mimi, niliyekuwa na upweke ambao sikuwa nimeupa jina, nikajiona nimepata ndugu.

Usiku wa kule una utaratibu wake. Watu hawaendi klabu saa tatu kama harusini. Kwanza mnakutana jikoni kwenye bweni, mnapika tambi, wenye kunywa wanaanza kunywa za bei ya dukani kwa sababu za klabu ni ghali. Hiyo peke yake ni saa tatu nzima. Kutoka ni saa tano, saa sita. Bergstraße, mtaa wenye baa na madisko ya Kiel, unaanza kuchangamka wakati Tanga mtu wa kahawa ameshabeba birika lake kurudi kwake. Mlangoni kuna mabaunsa, na kitambulisho lazima. Usiku mmoja baunsa alitutazama watu watano tuliokuja pamoja, akawapitisha wanne. Nadhani huhitaji kuambiwa wa tano alikuwa nani. Wale wanne walitoka wote, tukaenda kwingine, na usiku ule niliwapenda zaidi. Nami nikaona ni wajibu wangu kutowaangusha kila wanaponiita. Hivyo ndivyo kukesha kunavyogeuka kuwa deni.

Ndani, sitadanganya, palikuwa na raha. Nilicheza. Lakini Kijerumani changu, kile ambacho sasa watu wananisifia, sikukipata darasani wala sakafuni ambako muziki haukuachi useme. Nilikipata nje kwa wavuta sigara. Sivuti, ila pale ndipo watu wanaposimama na kuzungumza, baridi inawakusanya kama moto unavyokusanya watu kwetu. Nilijifunza kulalamikia hali ya hewa, kumfariji mtu aliyeachwa na mpenzi, na kueleza Tanga iko wapi kwa kuchora ramani hewani. Mpaka leo nikisema neno la Kijerumani la "kwa bahati mbaya" nasikia harufu ya moshi.

Kuna na biashara. Ujerumani chupa zina amana: ukirudisha chupa ya bia unapewa senti 8, kopo au chupa ya plastiki senti 25. Walevi hawarudishi. Mimi kila asubuhi ya Jumapili nilikusanya magunia jikoni, Jumatatu nikayapeleka kwenye mashine ya dukani. Nilipata mpaka euro 9 kwa mkupuo mmoja. Mswahili asiyekunywa alikuwa ndiye pekee anayepata faida kwenye pombe. Mama sikumwambia, sikujua angeliita jina gani.

Sasa nieleze kilichokuwa kikiharibika, kwa sababu kwa miezi miwili sikukiona.

Nyumbani kwetu geti ni la bati, na komeo lake lina kutu. Hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Enzi zangu za sekondari nikirudi saa saba, saa nane za usiku, kutoka kwenye mkesha wa harusi au kwa vijana wa Raskazone, nilibonyeza komeo lile kwa ncha za vidole, pumzi nimeizuia. Likalia. Na chumbani mama, ambaye ungeapa amelala tangu baada ya isha, akakohoa. Mara moja tu. Hakutoka, hakuuliza, na asubuhi kwenye chai hakulitaja. Lakini siku iliyofuata nilirudi saa nne.

Bweni la Kiel mlango ulikuwa wa kisasa. Ufunguo unaingia, unazunguka, kimya. Zulia la korido linameza nyayo. Niliingia saa kumi za usiku, saa kumi na moja, na hakukohoa mtu.

Jambo la pili ni saa yenyewe. Sisi Waswahili saa yetu inafuata jua. Linachomoza, unahesabu moja. Linazama, unahesabu moja tena. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa maana ya saa kumi na mbili, anaiona. Na usiku wetu una mpaka. Adhana ya alfajiri ikilia, hata asiyeswali anajua starehe imekwisha, anajificha uso arudi kwao. Kiel mwezi Desemba jua linachomoza saa tatu kasoro dakika 20 asubuhi, na kufika saa kumi jioni limeshazama. Nilirudi saa kumi na moja alfajiri nikakuta giza zito, nikajiambia usiku bado mbichi. Nililala. Nikaamka saa saba mchana, nikapata mwanga wa saa tatu, tena wa mawingu, na giza likarudi. Kulikuwa na wiki nzima sikuona jua kabisa, na si kwa sababu halikutoka. Saa yangu ya Kiswahili iliharibika. Nikawa nasema "saa moja" bila kujua ni moja ya nini.

Usiku wa kuamkia Oktoba 29, saa zilirudishwa nyuma kama wanavyofanya kila mwaka. Tulikuwa klabu. Ilipofika saa tisa usiku ikawa tena saa nane, dijei akatangaza, ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha kwamba tumepewa saa moja ya bure. Nilishangilia nami. Kuanzia usiku huo, tofauti ya saa kati ya Kiel na Tanga ikawa mbili badala ya moja. Hilo sikulitilia maanani, ila lilikuwa na matokeo yake.

Matokeo yenyewe ni haya. Saa tisa usiku Kiel ni saa kumi na moja alfajiri Tanga. Nikiwa kwenye kituo cha basi, masikio yanavuma, nafungua simu. Mama naye ameamka kuswali, ameshika simu yake. Ananiona nipo hewani. Inaingia meseji: "Umeamka mapema, mwanangu. Mashallah."

Nilitazama meseji ile kwa muda. Mkolombia alikuwa ameegemea bega langu amelala. Nikaandika: "Ndiyo mama, shikamoo." Sikusema uongo hata neno moja, nilijiambia. Nilikuwa macho, na ilikuwa mapema. Meseji ile ilikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara maneno yaleyale, na kila mara nikajibu vilevile.

Kuhusu masomo: ratiba yangu ilikuwa na saa 16 tu za darasani kwa wiki. Nilitoka kwenye chuo ambacho unashinda kutwa unakimbia kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, unawahi kiti. Nilipoiona ratiba ile nyeupe nilidhani Wajerumani wamenihurumia. Mihadhara ya pale ikiandikwa saa nne inaanza saa nne na robo, robo saa ya heshima, mila ya zamani ya vyuo vyao. Hiyo nayo nikaiona ni zawadi. Sikuelewa hesabu ya krediti, yaani vipimo vya kazi ya masomo. Muhula mmoja ni krediti 30, na krediti moja inahesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30. Chukua ile ya juu, zidisha: saa 900. Zigawanye kwa wiki 20 za muhula pamoja na mitihani, ni saa 45 kwa wiki. Ule weupe wote kwenye ratiba ulikuwa kazi. Umeachiwa uipange mwenyewe, hakuna anayekuita jina asubuhi, hakuna anayesaini mahudhurio kwenye mihadhara mingi. Mwenzangu mmoja kutoka Moshi, aliyekuwa mji mwingine huko huko Ujerumani, aliniambia uhuru ule ulimtisha hata akawa haendi popote. Mimi haukunitisha. Ingekuwa afadhali.

Haya yote yalielezwa kwenye semina ya kuwakaribisha wageni, wiki ya kwanza ya Oktoba, Jumatatu asubuhi. Nilikuwepo. Nilikaa safu ya nyuma, na kwa kuwa Jumamosi na Jumapili nilikuwa nimekaribishwa kwa namna nyingine, nililala nikiwa nimekaa wima, mikono kifuani, kama mlinzi wa benki. Nakumbuka kushtuka mara moja wakati skrini ina jedwali la alama. Nikafumba tena.

Februari tukafanya mitihani. Wa mwisho ulikuwa wa takwimu kwa watu wa biolojia. Nilikesha siku tatu kuusomea, na kukesha nilikuwa na uzoefu nako. Baada ya wiki mbili matokeo yakatoka kwenye mtandao. Nilifungua simu nikiwa foleni ya dukani na magunia yangu ya chupa. Takwimu: 5.0.

Chuoni kwetu, kama ilivyo vyuo vikuu vyetu vingi nyumbani, 5.0 ndiyo GPA (wastani wa alama) ya juu kabisa. Hakuna kitu juu yake. Nilishangaa, nikajiuliza, kisha nikajipongeza. Huenda nina kipaji. Nikapiga picha ya skrini nikamtumia dada yangu. Dada akaitupa kwenye grupu la familia. Mpaka nafika chumbani kulikuwa na meseji 43, mashallah nyingi, maua, baba mdogo ameandika kwa herufi kubwa tupu. Jioni ikaja picha ya sufuria: mama amekaanga maandazi, amewapelekea watoto wa madrasa watano nyuma ya nyumba wamuombee dua mwanawe.

Usiku jikoni nikamwonyesha Mjerumani wa kikundi chetu cha maabara. Alikuwa anakata kitunguu. Akaitazama simu, akaweka kisu chini.

"Pole sana," akasema.

Pole ya nini? Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba. Kwao 1.0 ndiyo bora. Mwisho wa kufaulu ni 4.0. Tano ni kufeli.

Nilikwenda kukaa bafuni, pekee palipokuwa na komeo. Nikatazama zile dua kwenye grupu moja baada ya nyingine. Siwezi kueleza aibu ile kwa mtu ambaye familia yake haijawahi kulisha watoto wa watu maandazi kwa ajili ya sifuri yake.

Nilimpigia mama kesho yake. Nilizunguka sana, nikaanza na baridi, nikapitia afya ya shangazi, mwishowe nikasema. Kukawa kimya. Nilisikia mtu akipita nje kwetu akinadi samaki, nikajua mama yuko barazani. Kisha akauliza: "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Basi. Maandazi hayarudishwi." Akakata.

Nilikuwa na hasira kwa siku kadhaa, na mtu ninayemkasirikia sikumpata. Nilijaribu kumkasirikia Mhispania mmoja, msichana aliyekuwa akikesha kuliko mimi, asiyejua maktaba ina milango mingapi, na amefaulu kila kitu. Nilimuuliza siri yake. Hakuwa nayo. Takwimu alishazisoma kwao mwaka uliotangulia, na chuo chake kilitaka afaulu tu, alama zenyewe hazikuwa zikiingia kwenye hesabu yao. Mimi mfadhili wangu alikuwa anasubiri transkripti, kila alama na kivuli chake. Miezi minne tulicheza muziki mmoja, bega kwa bega, na sikuwahi kumuuliza yeye akianguka anaangukia wapi. Hili ndilo nililomwambia mdogo wangu kabla ya bajaji, tena nikarudia: kabla hujafuata mwendo wa mtu, muulize nyumbani kwao wanasubiri nini.

Jumapili moja ya Februari nilipanda treni kwenda Eckernförde. Ni nusu saa hivi kutoka Kiel, na tiketi yetu ya muhula ilikuwa inatosha. Nilijua jina lile tangu utotoni kwa sababu Tanga ipo shule yenye jina hilo, na hatuwezi kulitamka. Miji hii miwili ina udugu tangu mwaka 1963. Jumapili kule maduka yamefungwa, mji umelala. Nikatembea bandarini. Nikakuta kibanda kinauza sprotten, visamaki vidogo vya kukausha kwa moshi, rangi ya dhahabu, vinavyoliwa na kichwa na mkia. Dunia inaviita vya Kiel, lakini wenyewe Eckernförde watakuambia vilikuwa vyao, Kiel ilikuwa stesheni tu ya kugongea muhuri. Nilivila nimesimama, upepo unanikata masikio. Dagaa, ndugu zangu. Dagaa tupu. Machozi yakanitoka, na siku ile hata pilipili haikuwepo ya kusingizia.

Muuzaji, mama wa makamo, aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanga, nikajiandaa kuchora ramani hewani. "Ah, Tanga!" akasema, na akaniongeza samaki wawili. Hakuuliza zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Ujerumani kuna mtu alijua ninakotoka pana jina.

Nafasi ya pili ya mtihani ilikuwa mwishoni mwa Machi, na Ramadhani mwaka ule ilianza Machi 11. Watu wengi walikuwa likizo, bweni tupu. Niliogopa nitashindwa vyote viwili. Lakini nilipoamka daku siku ya kwanza, saa kumi usiku, nikasimama dirishani na bakuli la uji, niliona kitu kilichonichekesha: ilikuwa saa ileile niliyokuwa nikirudi. Barabara ileile, taa ileile nyekundu ya waenda kwa miguu ambayo Wajerumani huisubiri hata kukiwa hakuna gari mpaka Denmark. Mimi tu ndiye niliyekuwa upande mwingine wa siku.

Baada ya daku silali tena. Nilisoma mpaka kunapambazuka, na mwezi Machi kule kunapambazuka kama kwetu, karibu saa kumi na mbili na nusu, saa yangu ikarudi mahali pake. Saa mbili asubuhi yule Mjerumani wa vitunguu alinisubiri mlangoni mwa maktaba. Saa mbili kwake ni saa mbili. Nilichelewa siku moja dakika saba, nikamkuta ameshaingia, na kiti changu amekiwekea begi lake. Hakunilaumu, akatoa begi. Nilikuwa nimepata mtu wa kukohoa. Jioni nilifuturu msikitini na Waturuki, Wasyria na Wasomali, watu ambao miezi mitano nilikuwa nikipita karibu na mlango wao. Takwimu nilipata 2.7. Sikutuma picha kwenye grupu.

Ajabu moja niliiona baadaye sana. Mwezi ule mzima nilikuwa hewani saa tisa, saa kumi za usiku kila siku, na mama naye yuko macho kwa daku na swala. Hakuniandikia hata mara moja kwamba nimeamka mapema. Aliuliza tu daku nimekula nini.

Msije mkadhani nilitubu nikawa mtawa. Muhula wa kiangazi nilitoka, ila nilijiwekea Jumamosi peke yake, na Ijumaa jioni nikapika pilau jikoni kwa kiungo cha mama. Watu wakaja wenyewe, na kufika saa nne usiku kelele ni marufuku kwenye bweni, basi sherehe ikajifunga bila mtu kulaumiwa. Wale niliowaogopa kwamba nikikataa mwaliko watanisahau, hawakunisahau. Wawili walinisahau, sawa.

Kiangazi kina hila yake. Juni jua la Kiel linazama karibu saa nne usiku, na kabla ya saa kumi na moja alfajiri limeshachomoza. Desemba giza lilinidanganya kwamba usiku bado. Juni mwanga ukanidanganya kwamba jioni bado. Tulikaa ufukweni na baiskeli zetu (hilo Tanga tumezaliwa nalo), watu wanachoma nyama, mechi za Euro zinaonyeshwa kwenye skrini, na hujui muda umekwenda wapi. Siku moja nilikosa boti ya mafunzo iliyokuwa inaondoka saa moja kamili asubuhi. Nilifika gatini naiona inaenda. Mwalimu alinipungia mkono. Kisha ikaja Kieler Woche, wiki ya mashindano ya matanga inayofanyika tangu mwaka 1882, mamia ya mashua, muziki kila kona, mji mzima barabarani, na mitihani wiki mbili mbele. Nilikwenda Jumamosi ya kwanza, nikaenda na jioni ya mwisho kutazama fataki. Siku za katikati nilisomea dirisha limefungwa, nimeziba masikio, nawachukia wote. Sikuwa mtulivu kama nilivyojaribu kumwambia mdogo wangu. Nilikuwa na wivu.

Julai nikarudi. Tanga, waja leo waondoka leo, lakini mimi nimekaa. Usiku wa kwanza vijana walinichukua, tukapiga soga mpaka saa nane. Nikarudi, nikabonyeza komeo kwa ncha za vidole. Likalia. Chumbani akakohoa.

Jumapili hii, siku mbili baada ya mdogo wangu kuja kuaga, mama alikuwa uani anachambua mchele. Aliniita, akanipa simu yake.

"Niwekee saa ya huko Ubelgiji. Hii mikono ina vumbi."

Nikafungua sehemu ya saa. Nilidhani nitakuta ya hapa peke yake. Chini yake kulikuwa na nyingine: Berlin.

"Mama, hii alikuwekea nani?"

"Dada yako."

"Lini?"

"Wiki uliyoondoka." Hakuinua macho kwenye ungo. "Imekubali?"

Nikamwambia haina haja ya kuongeza nyingine, Ubelgiji na Ujerumani saa ni moja.

"Basi iache hapo hapo," akasema, akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa.